Kuinama Najua, Kulala Ndiko Kazi

Jumanne jioni

Nilipita mbele ya geti la darasa la yoga mara tatu nikijifanya natafuta nyumba ya mtu. Niliogopa kuwa mzee kuliko wote, na ile suruali ya kubana ilinitia aibu, hata nikafunga kitenge juu yake.

Jirani yangu Espérance, ambaye ndiye aliyenishawishi nianze yoga, akanikuta hapo na kunishika mkono. "Bon, tuingie. Hakuna mutu atakuangalia we."

Mwalimu akasema tuiname bila kukunja magoti, mikono iguse sakafu. Vijana wa ofisini wakaanza kuguna. Mimi nikagusa, nikatulia. Akaniuliza nilianza yoga lini. Nikamwambia nimelima maharage kijijini kwetu Kanama tangu utotoni.

Kilichonishinda ni zoezi la mwisho: kulala chali, macho yamefungwa, bila kufanya chochote. Saa kumi na moja, jua bado liko juu ya ziwa. Mama angenikuta hivyo angeniuliza ninaumwa wapi.

Nikafungua jicho moja kuwatazama wenzangu. Espérance alikuwa anakoroma.

Nilimwonea wivu kweli. Alhamisi narudi kwa sababu hiyo tu.