Chumvi Niliyoitia Mara Mbili

Jumamosi, masika, 1953

Mvua imenyesha tangu alfajiri na milima haionekani. Nimekaa mlangoni niandike kabla mwanga haujaisha. Herufi zinakwenda kombo. Masista walionifundisha kuandika kule Mgeta wangenichapa.

Naogopa. Nimeogopa tangu saa sita mchana, na hata sasa nikisikia hatua za mtu njiani naacha kuandika.

Bwana Ulimi alikuja leo.

Ndivyo anavyotia sahihi gazetini. Huzunguka mijini akila kwenye hoteli zetu za Waafrika, kisha huandika. Kinyozi wa sokoni humsoma kwa sauti na watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Mwaka jana aliandika kwamba maharage ya hoteli moja huko Kilosa yanafaa kukandikia ukuta. Wateja wa pale wakahama, na mpishi wake sasa anakata mkonge shambani kwa Mgiriki. Siku ile na mimi nilicheka.

Tulimtambua kwa miwani na daftari lake. Mzee Shomari, mwenye hoteli, aliingia jikoni jasho linamtoka. "Ni yeye," akanong'ona. "Anataka wali na mchuzi wa nyama. Msiniaibishe."

Jikoni tuko wawili, mimi na Bi Mwanahawa. Yeye ndiye aliyenipokea miaka sita iliyopita, mjane niliyetoka mlimani nisiyejua hata kukuna nazi. Kila ninachopika nimekipata kwake. Leo wali ulikuwa wake, mchuzi ulikuwa wangu.

Nikatia chumvi. Nikaenda kuchungulia mlangoni, nikamwona yule bwana anafuta kijiko kwa leso yake, polepole, kama daktari. Nikarudi jikoni, nikatia chumvi.

Sikuonja. Mimi ninayeonja kila kitu, leo niliogopa hata kuonja.

Sahani ilirudi baada ya vijiko viwili. Mzee Shomari aliishika kwa mikono yote miwili. "Nani kapika mchuzi huu?"

Nilichovya kidole, na papo hapo nikakumbuka mkono wangu ukiingia kwenye kopo, mara ya kwanza na ya pili. Nikafungua kinywa. Nikawaona wanangu wawili, nikajiona nimerudi Mgeta kwa kaka yangu, aliyeniambia nisirudi. Nikakifunga tena kinywa.

Bi Mwanahawa naye alionja. Akakunja uso.

"Labda ni mimi, Shomari," akasema. "Huenda nilipita hapo nikatia. Siku hizi nasahau."

Hakuwa ananifichia. Ni kweli anasahau. Juzi alibandika birika tupu motoni. Alikuwa anajiuliza kwa dhati, na jibu nilikuwa nalo mimi.

Nikachukua sufuria, nikaanza kuisugua.

Mzee Shomari hakumfokea. Alimwambia kwa upole, na upole ule uliniumiza zaidi, "Nenda kapumzike, mama. Jumatatu usije." Bi Mwanahawa akanawa mikono, akajifunika kanga kichwani, akatoka kwenye mvua.

Nilikuwa nasugua sufuria niliposikia Mzee Shomari akimwambia mgeni wake, "Mpishi ni mzee, bwana, akili zimeanza kumtoka. Nimemwondoa." Kupitia mlango nikaona penseli inakwenda.

Basi habari hiyo itasomwa kwa kinyozi. Mji mzima utamcheka Bi Mwanahawa.

Mgeni alipoondoka kuwahi treni, niliacha sufuria hapo hapo nikamkimbilia stesheni. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, mkoba miguuni.

"Shikamoo, bwana. Mchuzi wa leo nilipika mimi. Chumvi nilitia mara mbili. Yule mama hana kosa."

Alinitazama juu ya miwani. "Kwa nini ulitia mara mbili?"

"Nilikuogopa."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alifungua daftari, akakata mistari kadhaa. "Jina lako nani?"

Ningeweza kudanganya. Mwili wangu wote ulitaka nidanganye.

"Yosefina," nikasema, na akaliandika. Treni ikaingia, akapanda, na hakuniambia ataandika nini.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanahawa, kabla woga haujanirudisha nyumbani. Alikuwa amekaa mkekani, makopo ya viungo yamepangwa mbele yake. Macho ameyafumba. Ananusa moja, analitaja, analiweka kando. Iliki. Mdalasini. Bizari.

"Nimeyapata yote," akaniambia. "Lakini ile chumvi, mwanangu, siikumbuki. Nimejaribu tangu nilipofika, siikumbuki kabisa."

Nikamwambia.

Akanitazama. "Ulijua pale pale jikoni?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nitembee na mvua yote ile nikidhani nimerukwa na akili."

Hakupiga kelele. Alianza kufunika makopo yake, moja moja, kisha akasema, "Nenda kwa wanao."

Gazeti hufika Jumatano. Jina langu limo kwenye daftari la mtu yule. Lakini Mzee Shomari hajui bado, na ndiye aliyestahili kuambiwa kwanza. Kesho nikitoka Misa nitakwenda kwake, nitamwambia mbele ya mkewe ili nisipate njia ya kugeuza maneno. Akinifukuza, anifukuze, mradi amrudishe Bi Mwanahawa.

Na akirudi, atakubali kusimama na mimi kwenye moto mmoja? Sijui.

Nimeyaandika haya ili asubuhi nisijidanganye kwamba sikuahidi.