Kofia Haiingii Kichwani

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Mama yangu mzazi, Kilwa Kivinje, kwa mdomo wa Shemeji Athumani atakayemsomea.

Ijulikane kwa wote watakaosikia barua hii, waliomo ndani na walioko barazani wakijifanya hawasikilizi, kwamba kofia ya viua niliyoshonewa na mama yangu kwa mkono wake, hii wiki ya tatu sasa, haiingii tena kichwani mwangu. Nimeijaribu kwa mbele, nimeijaribu kwa upande, nimeijaribu nikiwa nimetoa pumzi zote. Haiingii. Hilo ndilo tangazo. Shemeji, hapo meza mate, kisha uendelee.

Mama, shikamoo. Nakushika miguu kutoka huku mbali. Mie sijambo. Chakula kinapita, usingizi unakuja bila kubembelezwa, na jicho linaona. Hivi sasa linamwona nzi aliyetua juu ya neno shikamoo, nami nimemwachia, naye ni mgeni. Nawe magoti yako je? Zaituni anakukanda na mafuta ya nyonyo, au bado anasema kesho? Shemeji, usiliruke hilo kwa kuwa ni mkeo.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema Fundi Hemedi amerudi huko na habari kwamba aliniona kwenye harusi huku Dar, kichwa kimevimba kwa kupigwa hata kofia imekaa juu kama kifuniko cha buli. Umesema nimevunja ahadi. Umesema nifunge virago nirudi, na nisiporudi utanifuata mwenyewe na magoti yako hayo. Mama, Fundi Hemedi ni mwashi mzuri, lakini mwashi huona ukuta wa nje tu. Keti nikwambie ya ndani.

Ahadi ya kukaa mbali na ugomvi, nililinde jicho langu, sijaisahau. Siku niliyoondoka ulinishika kidevu ukasema, "Ndui ilichukua moja. Hili lililobaki si lako peke yako, nimelikeshea mie." Nakumbuka zile siku za ndui, ulivyonifunga mikono kwa upindo wa leso yako nisijikune, ukawa unanipepea na kuniambia, "Mikono mbali na uso, baba, mikono mbali na uso." Basi nimekaa miaka yote mikono mbali na uso. Pakitokea ugomvi mie huwa wa kwanza kukumbuka kuwa nimeacha maji jikoni.

Sasa sikia. Unajua kazi yangu hapa ni ya udobi, kupiga pasi na kukunja. Pasi zetu ni za mkaa, na pasi ya mkaa ni kama mtu wa hasira: ukiitikisa inatema. Wiki tatu zilizopita alikuja mtu anaitwa Mashaka, hamali wa bandarini, ana mkono kama mchi wa kutwangia. Alileta kanzu yake ya melimeli, nyeupe, ya kufungia ndoa. Nami nilipokuwa juu ya kifua cha kanzu ile, nilipiga chafya. Chafya moja tu, mama, wala sikuwa na mafua. Pasi ikatikisika, kaa likatoka, na kabla sijalifagia kwa mkono likawa limekwisha kula. Tundu likaingia vidole viwili.

Sikumsingizia panya. Alipokuja nilimwonyesha. Akaiinua kanzu kwenye mwanga, akaingiza vidole tunduni, akanitazama kupitia pale pale.

"We Chongo," akasema. "Kanzu yangu ina dirisha."

"Nimekosa, kaka. Nina kanzu yangu nzuri, nitakupa ufungie ndoa."

"Kanzu ya chongo sivai mie. Nikavae mkosi siku ya ndoa?" Akaikunja ile yake vizuri, kwa utaratibu, akaniachia mezani, na utaratibu ule ndio ulionitisha. "Ndoa yangu Ijumaa. Leo na kesho nina zamu melini. Alhamisi alasiri nitakuja kwako Temeke. Hilo jicho limeniona leo, liniangalie vizuri, maana halitaniona tena."

Huku Dar, mama, hata kupigwa hupangiwa siku. Ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa na jioni hiyo na Jumatano yote.

Ungeniambia nikimbie, na nilifikiri hivyo. Lakini nikimbilie wapi? Kazi ni pale pale, na chumba changu kila mtu anakijua. Kumpiga siwezi, na hata ningeweza nisingempiga, maana kanzu nimeitoboa mie. Usiku sikuwaza kifo. Niliwaza kwamba jicho likienda sitapiga pasi, sitakunja, sitaandika barua, na utaletewa mtu mzima umwongoze uani kwa fimbo. Hilo ndilo nililoliogopa, Mama, wala si maumivu.

Katika nyumba tunayopanga, chumba cha mbele anakaa Mzee Sefu, fundi cherehani, aliyekuwa askari akafika mpaka Burma. Anasema huko aliwapikia wenzake zaidi kuliko alivyopiga bunduki, lakini ngumi aliziona, maana wazungu walikuwa wakiwapiganisha askari kwa ajili ya kupitisha jioni. Nikampelekea kesi yangu na kumwomba aitie kanzu kiraka.

Akaniambia, "Kanzu ina kiraka. Jicho halina. Tuanze na jicho."

"Nikunje ngumi vipi, mzee?"

"Nani amekwambia ukunje? Ukimpiga yule utamkumbusha kazi yake. Nyie dobi mnakunjaje shuka kubwa?"

Nikamwonyesha. Mama, hili hujapata kuliona, ngoja nilieleze. Mtu mmoja akikunja shuka peke yake, huubana upindo kwa kidevu dhidi ya kifua, isianguke. Kisha mikono miwili huinuka mbele na pembe za shuka mpaka usawa wa paji la uso, viwiko vikiwa vimekaribiana, ili nguo isiburure chini.

"Simama hivyo hivyo," akasema Mzee Sefu. Akachukua mto wa usufi kitandani mwake akanipiga nao. Ukapiga mikono. Akanipiga upande, ukapiga mkono. Akapiga juu, ukapiga viganja. "Unaona? Umekuwa mpiganaji miaka mitatu hii ya udobi na hukuwa na habari. Kidevu chini, usikiachie shuka. Kidevu kikiinuka ndipo mtu analala. Viganja kwenye paji, viwiko mbele, mabega juu mpaka yaguse masikio. Na jicho lako liache wazi, lichungulie katikati ya mikono. Wengi hufumba macho, wakapigwa na wasichokiona."

"Na nyuma je? Nirudi nyuma?"

"Ukirudi nyuma moja kwa moja anakufuata na ngumi ina nafasi ya kukua. Shuka ya watu wawili mnaikunjaje?"

"Tunaendeana. Namfuata mwenzangu mpaka pembe zikutane."

"Basi mfuate. Mwendee mpaka mkutane, umkumbatie mikono yake. Mtu aliyekumbatiwa hana pa kurushia."

Tulifanya hivyo siku mbili, jioni jioni uani. Mto wa usufi ulipasuka Jumatano, na wenye nyumba wakaula usufi katika ugali wao. Na jambo moja nilificha, Mzee Sefu sikumwambia. Kila nilipoinua mikono kuweka usoni nilisikia sauti yako, "Mikono mbali na uso, baba," na mikono ikataka kushuka. Ikanibidi nikujibu moyoni kila mara, "Leo niruhusu, Mama." Basi niwie radhi, niliomba ruhusa bila ya kungoja jibu.

Alhamisi alasiri akaja. Alinikuta bombani nikichota maji, foleni ya akina mama nyuma yangu na ndoo zao. Akasema, "Chongo, toka kwenye maji ya watu." Nikatoka. Akina mama hawakupiga kelele. Mmoja alinishikia ndoo yangu isipoteze zamu. Ngumi ya kwanza haikunipata, ilipata kofia. Ikaruka, ikaanguka kwenye tope la bomba, na mtu akaikanyaga, nadhani ni mie.

Nikabana shuka. Nasema kweli, niliiona shuka ile, nyeupe, upindo chini ya kidevu. Akapiga kulia, ikapata mkono. Akapiga kushoto, ikapata mkono. Mikono iliuma, isikupite hilo, ilikuwa na madoa ya buluu wiki nzima kama nguo iliyozidishiwa nili. Lakini jicho lilikuwa wazi katikati, likimwona, na lilichoona kikanishangaza: lilimwona mtu anachoka. Uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Ulikuwa wa mtu anayeoa kesho na hana kanzu.

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "We hamali, hiyo ni ngozi ya mtu, si gunia."

Basi akakasirika, akavuta mkono nyuma mpaka Mbagala, akauleta wote. Mie nikaingiza kichwa ndani zaidi, na ngumi ikakutana na ncha ya kiwiko changu. Nilisikia mlio. Nikadhani ni mie. Nikamwendea upesi kama tunavyokunja, nikamkumbatia mikono, tukabaki hivyo. Alikuwa anahema. Akaniambia sikioni, polepole, watu wasisikie: "Mkono wangu."

"Umevunjika?"

"Sijui. Kesho nashikana mkono na baba mkwe."

Mama, unalijua jambo hilo, wala sina haja ya kumfafanulia hata Shemeji aliyekwisha kulipitia kwa baba yangu mwenyewe. Mwenye kuoa humpa walii mkono wa kulia, ushikwe, ubanwe, ndipo maneno yasemwe. Mashaka alikuwa na mkono wa kulia unaojaa kama andazi. Tulibaki tumekumbatiana pale bombani mpaka mama wa ndoo akauliza kama tumeoana sie.

Nikampeleka chumbani. Nikamwekea maji ya moto na chumvi, mkono ukakaa humo, Mzee Sefu akaukandakanda akasema mfupa mzima, ni viungo tu vimekasirika. Mashaka alikuwa ameketi juu ya mkeka wangu kama mgeni mwenye haya. Nikafungua sanduku, nikatoa kanzu ya marehemu baba.

Najua umeshtuka. Ngoja. Baba alikuwa mpana, mie kanzu ile hunivaa badala ya mie kuivaa. Niliikunjua, harufu ya karafuu ulizoziweka bado imo. Nikaipiga pasi mbele yake, na safari hii nilijibana pua kwa kitambaa.

Akasema, "Hii ya nani?"

"Ya baba yangu. Hakuwa chongo."

Akaitazama sana. Kisha akaniangalia, jicho kwa jicho, maana ni moja tu la kuangalia, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Kanzu ilimkaa kama aliyepimiwa.

Ijumaa nilikwenda harusini. Wakati wa ndoa nilisimama karibu, nikaona baba mkwe alivyouchukua ule mkono. Mashaka alimeza mate, machozi yakamtoka, na watu wakasifu, wakasema, "Tazama hamali anavyompenda mtoto wa watu." Nami nilikuwa wa pili kujua sababu. Lakini sina hakika, Mama. Huenda walikuwa na haki nao.

Kanzu ameirudisha Jumatatu, amenifulia mwenyewe kwa mkono wa kushoto, haikutakata, sikumwambia. Sasa hupita jioni kunisalimu, ananiita shemeji wa bombani. Mkewe huleta bakuli la mchuzi.

Kwa hiyo, Mama, hakuna ngumi iliyonifika kichwani, hata moja. Mikono yangu uliyoifunga ndiyo iliyolilinda jicho ulilolikeshea. Usinifuate, wala usiyatie magoti njiani. Nitakuja mwenyewe kwa likizo, unishike kidevu uangalie. Habari ya kofia nitaisema mwisho kabisa, maana ina aibu kuliko ngumi.

Nisalimie dada yangu Zaituni, na nguvu za mikono yake zisiishie kwa Shemeji. Mnisalimie mjomba anayekaa na redio isiyosema. Msalimie na jirani yetu Fundi Hemedi, mwambie alichoona ni kweli, na alichofikiri si kweli, na kwamba kuta zote mbili, za nje na ndani, nimezisimamisha mie. Mwalimu wangu wa kusoma ni yale magazeti tunayofungia nguo, hayo nitayasalimu mwenyewe kesho kazini. Shemeji, nakushukuru kwa koo lako, kunywa maji.

Nakubusu mikono, Mama, yote miwili.

Ni mie mwanao, ninayetazama kwa jicho lako,
Bakari

Kofia niliichemsha pamoja na mashuka kuitoa tope, ikasinyaa.