Vita Ilipotunyima Fainali

Mama Generose, mshauri wetu wa redio, naomba unisaidie, maana roho yangu imechoka na hapa Kasenga, mjini Uvira, hakuna anayenisikiliza.

Minye ninaitwa Clovis, ninacheza mpira wa kwenye televisheni katika salle, ukumbi wa michezo wa Papa Ayoubu, sijisifu lakini mutaa muzima unanijua, na nilikuwa nimefika fainali minye na Pontien, watu wamejiandaa kushangilia, ndipo vita ikashuka bondeni na wakimbizi wa Kiringye wakaingia mjini na magodoro kichwani, naye Papa Ayoubu bila hata kutuuliza sisi wateja wake wa siku zote akasukuma televisheni ukutani, akatandika mikeka, akajaza salle wamama na watoto, na jenereta tuliyozoea kuchezea akaiacha iwachajie simu. Nikamwambia, "Papa Ayoubu, sisi ndio tuliokuletea jina, na fainali iko leo." Akanijibu, "Mwanangu, hauoni watu?" Basi nikachomoa simu moja tu, Mama, moja, nikachomeka mashine ya mchezo, nikamwita Pontien. Kumbe simu ni ya mama mmoja, Délice, anangoja mume wake Libérat apige, walipotezana njiani, nayo ikazimika, na alipokuja kuiwasha akakuta ujumbe kwamba mume amepiga akamkosa, amedhani mke na watoto wamevuka mpaka, naye anavuka kwenda Burundi kuwafuata. Sasa simu ya mume haipatikani. Akalia kwa sauti, mbele ya watu wote, jambo lililoniharibia umakini. Pontien akaweka chini manette yake ya kubonyezea mchezo, hata kipindi cha kwanza hatujamaliza, akaenda kuwachotea wakimbizi maji. Na Safi, muchumba wangu, akaniambia, "Weye Clovis, oa hiyo manette yako."

Naomba uamuzi: mpinzani akitoka uwanjani mwenyewe, si minye ndiye bingwa? Na Safi, nimpe muda gani wa kuniomba radhi?

*

Clovis,

Pole. Vita inachanganya kichwa, na kijana anayesikia mizinga anaweza kushikilia hata mchezo ili hofu isimshike. Hapo nakuelewa. Hapo tu.

Ubingwa chukua, ni wako. Sasa tuongee habari za watu. Unasema ulichomoa simu moja tu. Délice naye alikuwa na mume mmoja tu. Unasema kilio chake kilikuharibia umakini! Ulitaka alie kimya mpaka mwamuzi apige filimbi? Pontien hakukimbia mchezo, aliona kazi. Na Safi hana radhi ya kukuomba. Mwache kwanza, usimfuate na maneno matamu.

Nyinyi wachezaji muna kundi la WhatsApp lenye vijana wa Uvira mpaka Bujumbura. Nalijua, mwanangu yumo, na wiki nzima ya mabomu mulilijaza malalamiko kwamba golikipa wa kwenye mashine anadaka vibaya. Leo lijazeni jina la Libérat wa Kiringye. Waliovuka wamuulizie sokoni, kanisani, kila palipo na wakimbizi.

Wewe mwenyewe nenda kwa Délice ukaombe msamaha, na fainali usiitaje. Umwombe namba ya mume wake, uwe unaipiga mpaka iite. Siku itakapoita, usijieleze wewe ni nani. Mpe mama simu yako, utoke nje.