Nguzo za Mkoko, Si za Chuma

Mpendwa mume wangu Mahfudhi,

Usinicheke kwa mwandiko huu. Mkono unatetemeka siku hizi, na zamani watoto wa darasani kwangu nilikuwa nikiwakata alama kwa mistari mizuri kuliko hii. Daktari anasema moyo umechoka. Sikushtuka, umefanya kazi nyingi, nao una haki ya kuchoka. Ila lipo jambo moja sikukwambia ulipokuwa hai, na sitaki kukufuata nikiwa bado nimelifumba kinywani.

Ni kuhusu banda letu la gari.

Unalikumbuka lile gari dogo la rangi ya maziwa? Ulilinunua kwa jirani yetu aliyekuwa akiondoka. Miaka ile ya baada ya Mapinduzi watu wa kichochoro chetu cha Mji Mkongwe waliondoka nyumba kwa nyumba. Wengine walituaga, wengine tuliona tu dirisha limefungwa na halifunguliwi tena. Kichochoro chenyewe hakikupitisha hata mkokoteni, kwa hiyo gari likawa linalala Mnazi Mmoja, kwenye upepo wa bahari. Kila asubuhi ulilifuta chumvi kwa kipande cha shuka, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua.

Tulipohamia Mwanakwerekwe, kwenye ile nyumba yetu ya vyumba vitatu, ulisema sasa gari nalo litapata kwake. Ukaja na habari za fremu ya chuma. Ghala moja la zamani karibu na bandari lilikuwa likivunjwa, na wewe uliyefanya kazi huko ulikuwa umeshaambiwa kwamba ukiitaka ni yako. Ilikuwa Ijumaa, tumekaa mkekani, sinia la pilau katikati, nami nimeshasema nataka nguzo za mkoko.

"Mwalimu," ukaniambia, maana ukitaka kunishinda hukuniita jina, "chuma hakiliwi na mchwa."

"Kinaliwa na chumvi."

"Tutakipaka rangi."

"Kila mwaka? Wewe mlango wa choo umekushinda tangu tuhamie!"

Salma wetu alicheka mpaka wali ukampalia. Wewe hukucheka.

"Hebu nenda Michenzani ukatazame," ukasema. "Majumba yanainuka, na ndani mna chuma. Nani anajenga kwa miti zama hizi?"

"Chuma cha Michenzani kimefunikwa zege. Chako kitakaa uchi."

Ulilamba vidole, kisha ukasema kwa upole ule uliokuwa ukinitisha kuliko ukali: "Halafu hiki kina nati, Zuwena. Tukiondoka, nnachukua spana, nnakifungua, nnakiuza. Mti ukishaufukia, umeshaufukia."

Tukiondoka. Ulilitamka kama mtu anayesema tukimaliza kula. Nilijua kaka yako Seif alikuwa akikutumia salamu kutoka Mombasa kwa kila msafiri, akikuita. Sikujua kwamba ulikuwa umeshamwitika.

Nami sikutaka kuondoka. Mama yangu alikuwa Vuga, macho yamemwishia, na ngazi za nyumba yake alizijua kwa nyayo. Ungemtoa pale angekuwa kipofu mara ya pili. Shuleni nilikuwa na wasichana ambao mama zao hawakuwahi kushika kalamu. Na hata kama hayo yote yasingekuwepo, bado nisingetaka. Ningeweza kukwambia hivyo, pale pale, sinia likiwa mbele yetu. Badala yake nikasema, "Mkoko umekulia ndani ya maji ya chumvi. Chumvi haiutishi."

Kesho yake nikataka nikaione fremu yako. Ulinionesha kwa fahari. Nikainama, nikakwaruza mguu wa nguzo moja kwa ufunguo wa nyumba. Kutu ilianguka kwa magamba, tabaka juu ya tabaka, mpaka ufunguo ukazama. Tukiwa njiani kurudi ukasema, "Haya, mkoko." Nilikushinda kwa hoja ya kweli, Mahfudhi, lakini haikuwa hoja yangu.

Ukamleta Fundi Makame, mtu wa Makunduchi, mpole, aliyekuwa amejenga vyumba maisha yake yote, wala si banda la gari hata moja. Kwa fundi wa namna yake upana wa chumba ni urefu wa boriti zinazolala juu yake, na boriti alizozileta zilikuwa zimeshakatwa kwa kipimo cha chumba. Ndivyo zilivyojengwa nyumba zote za mjini, ndiyo maana vyumba vyetu kule vilikuwa virefu na vyembamba. Hakuna aliyemwambia kwamba gari si kama mtu, kwamba lina masikio mawili yanayofunguka ubavuni.

Hapa ndipo penye habari yangu. Siku aliyopigilia vigingi na kufunga kamba, wewe ulikuwa kazini. Nilisimama katikati ya zile kamba mbili, nikanyoosha mikono, nikalifikiria gari na milango yake na kitambi chako. Nikajua palepale.

"Fundi, ndivyo ulivyopima?"

"Naam, Bi Zuwena. Boriti zenyewe ndivyo zilivyo."

"Haliwezi kupanuka?"

"Mpaka tuweke nguzo katikati, na gari lipite wapi? Au bwana arudie vyuma vyake. Chuma kinafika mbali."

Nilimtazama, nikatazama njia utakayorudi nayo. Nikamwambia, "Chimba, fundi. Tena chimba sana."

Jioni ulirudi, tukafukiza ubani kwenye shimo la kwanza, Fundi Makame akasoma dua, na wewe mwenyewe ukashindilia mawe ya kwanza kwenye mguu wa nguzo. Nilisimama na sahani ya halua nikiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya kuliingiza gari ulivaa shati jeupe. Salma alikaa karibu yako. Mkaingia kwa madaha, kisha kimya, kisha honi.

"Zuwena! Mlango haufunguki!"

"Fungua wa pili!"

"Na huu haufunguki! Fundi yuko wapi? Mwiteni Makame!"

Bi Mwanaidi, jirani yetu wa mbele, aliacha vitumbua vyake jikoni akaja na mwiko mkononi. Alichungulia, akarudi nyuma, akashika kiuno. "Bwana Mahfudhi! Gari umelivisha kanzu ya mtoto!"

Ulilirudisha nyuma, ukashuka umelowa jasho. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kanuni: watu wote wanashuka nje, gari linasukumwa ndani, na asubuhi linavutwa kwa kamba. Na kusukuma hakukuwa kazi ya mtu mmoja.

Unakumbuka tulivyokaa miezi ya mwanzo? Mtaani walituita watu wa ghorofani, kwa kuwa tulitoka Mji Mkongwe. Nawe ulikuwa ukiwaogopa, usinikatalie. Ulikuwa ukifunga mlango kabla ya magharibi. Sasa kila jioni ikakubidi usimame barabarani uombe mabega ya watu. Wachukuzi wa bandarini waliokuwa wakirudi kazini ndio waliokuwa wa kwanza.

"Yakhe, leo limekula nini hili? Zito!"

"Limekula pilau ya Mwalimu."

"Basi na sisi tupewe, ndiyo tulisukume!"

Wakapewa. Baadaye ukawa unawahi kurudi usije ukawakosa. Ukajua nani mkewe amejifungua, nani mgongo unamuuma, nani hanywi kahawa bila tangawizi. Fundi Makame alikuja kwa aibu, akitaka kubomoa upande mmoja atafute namna ya kulipanua. Ukamwambia asubiri mvua ziishe. Zikaisha, ukamwambia asubiri Ramadhani ipite. Ikapita, na hukumtafuta tena.

Kisha kaka yako akaja mwenyewe. Mlirudi pamoja kutoka bandarini jioni, na kabla hata hajaingia ndani alikuta watu wamejipanga nyuma ya gari, Bi Mwanaidi akiwaongoza kwa mwiko wake.

"Mdogo wangu," Seif alisema, "nimekuja kukuchukueni. Kule kazi ipo na nyumba ipo. Mnangoja nini hapa?" Akalitazama banda akatikisa kichwa. "Si ulinambia utajenga la chuma? Tungelifungua leo hii."

Nilikuwa mlangoni. Roho yangu yote ilikuwa masikioni.

Wewe ulikuwa umeinama, bega lako kwenye gari kama wenzako. Ukasema, "Na hawa, kaka? Hawa nitawafungua kwa spana namba ngapi?"

"Bwana Mahfudhi, maneno baadaye!" Bi Mwanaidi akapiga kelele. "Sukuma, umetuachia peke yetu!"

Niliingia jikoni nikafunua chungu, nikakaa nakitazama. Hakikuwa na kitu ndani.

Sasa nikupe haki yako, kwa kuwa uzee umeniondolea ubishi. Kwa upana, chuma kilikuwa bora, na mtu mwenye gari kubwa namshauri hicho, ila akifunike au asichoke kukipaka rangi. Mchwa nao walikuja kama ulivyosema, wakala milango ya banda iliyokuwa ya mbao za kawaida. Bati tumelibadilisha zaidi ya mara moja. Nguzo za mkoko hazijaguswa. Ile fremu yako ilichukuliwa na mtu wa Mazizini, karibu na maji. Siku ulipoipitia ukaiona ilivyoliwa na kutu, ulirudi nyumbani ukala chakula chote.

Kwa hiyo sikuombi radhi kwa banda, wala kwa zile kamba nilizoziacha zilivyo. Ningerudi siku ile ningemwambia fundi achimbe tena. Ninachokiungama ni kingine. Sikukwambia kwa kinywa changu kwamba sitaki kuondoka. Nilikuacha ubishane na miti wakati mwenye ubishi alikuwa mimi. Ulistahili kunikabili uso kwa uso. Huenda ungenishinda, na hilo ndilo nililoliogopa. Kwa hilo nakuomba unisamehe.

Juma lililopita Salma alikuja kutoka Dar es Salaam kunichukua. "Mama, kwangu kuna lifti, hospitali iko karibu, utapata kila kitu." Alikuwa ameshanifungia na sanduku. Sikumtafutia sababu ya hali ya hewa, wala ya dawa, wala ya safari.

"Salma," nikamwambia, "mimi sitaki kuondoka."

Akakaa juu ya sanduku. Kisha akasema, "Basi nije mimi?"

"Njoo."

Amekuja. Hivi ninavyoandika yuko chumba cha pili anapanga nguo zake kabatini. Amekuta mashati yako, ameuliza ayapeleke wapi. Nimemwambia ayasogeze tu, nafasi itatosha.

Nakuaga kwa leo, mume wangu. Mwenyezi Mungu akituwekea kuonana, utabishana nami utakavyo, na safari hiyo nitakujibu yaliyomo moyoni.

Mkeo,
Mama Salma