Konokono kwenye Sakafu ya Jikoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha, ndilo ninalojulikana nalo mtaani na kazini
Umri: Miaka 43
Kazi: Msusi, saluni yangu mwenyewe yenye viti viwili
Makazi: Nyumba ya pili kutoka kona ya duka la dawa, pamoja na mume wangu, watoto wawili na baba yangu mzazi
Kuhusu: Mzee aliyekutwa ndani ya jiko la nyumba isiyo yake

Mimi ni mtoto wa kwanza wa mzee aliyekaa pale kwenye benchi, ambaye hapa anaitwa mshukiwa. Sisi tunamwita Baba, na mtaani anaitwa Fundi, kwa sababu ameshona nguo maisha yake yote kwa cherehani ya mkono. Naomba iandikwe kwamba hajawahi kulala mahabusu, na sitaki aanze leo. Nimemwacha mteja saluni na kichwa kilichosukwa nusu.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumapili, saa tatu asubuhi, nilipigiwa simu na konstebo. Aliniambia, "Mzee wako tunaye hapa. Amevunja nyumba." Nilimjibu kwamba baba yangu hawezi kuvunja hata yai bila mtu wa kumshikia bakuli. Konstebo hakucheka. Nilipofika nilimkuta Baba amevaa aproni ya marehemu mama, unga umempanda hadi kwenye nyusi. Ukingoni mwa meza ya mpelelezi palikuwa na mashine yetu ya tambi.

Marehemu mama alikuwa mpishi wa hoteli. Hoteli ilipoleta mashine ya umeme, ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono akapewa yeye aondoke nayo. Ukiiwekea kipande kimoja cha chuma inatoa tambi, ukiiwekea kingine inatoa nyoki, yaani vidonge vidogo vya viazi na unga vinavyotoka vimejikunja, vina mistari mgongoni. Sisi watoto tuliviita konokono. Tambi zilipikwa siku yoyote, lakini konokono walikuwa wa Jumapili.

Viazi vilichemshwa na maganda yake, vikapondwa vingali vinaunguza vidole, vikakandwa na unga. Sisi watoto watatu tulisokota kinyunya kiwe kamba nene kama kidole, tukigombana nani kamba yake imenyooka. Mama alilisha kamba kwenye mdomo wa mashine kwa mkono wa kushoto, Baba akazungusha mpini, na konokono wakatokea upande wa pili, juu ya kiganja cha kulia cha Mama kilichopakwa unga. Sinia hakulitaka. Alisema wakidondokea kwenye sinia wanalaliana na mistari inafutika, na konokono asiye na mistari hashiki mchuzi. Baba, kwa mazoea ya kazi yake, alikuwa anaikimbiza mashine. Kila Jumapili Mama alimwambia, "Taratibu, Fundi. Hiyo si cherehani." Baba alijibu, "Nisamehe mama watoto, ni mguu umezoea," na cherehani yake haina hata pedali. Tulikuwa tunacheka kila mara utadhani ndiyo mara ya kwanza. Ninamkumbuka sana mama yangu, na hilo nalo naomba liandikwe.

Meza ya jiko lile ilitengenezwa na seremala humo humo jikoni, Baba akiwa msimamizi, na hakuna aliyekumbuka kupima mlango. Mashine ilibanwa kwenye meza hiyo kwa skrubu, na skrubu ikashika kutu. Mama alipofariki tuliuza nyumba, Baba akahamia kwangu. Meza ikagoma kupita mlangoni, mashine ikagoma kutoka kwenye meza. Seremala alitaka kuikata meza kwa msumeno. Baba alisema watamkata yeye kwanza, basi vyote viwili vikabaki. Aliyenunua nyumba ni dada muuguzi, ambaye ndiye mlalamikaji. Sikujua kwamba Baba alibaki na ufunguo wa mlango wa nyuma.

Muuguzi amesema mbele yangu hapa kituoni kwamba alikuwa anatoka zamu ya usiku, akafungua mlango, akakuta mwanamume asiyemjua jikoni kwake. Mwanamume huyo alimwambia, "Karibu mwanangu, lakini usikanyage konokono." Muuguzi alipiga kelele akakimbilia kwa jirani. Simlaumu, hata mimi ningekimbia.

Mlalamikaji anadai mzee alikuja kuiba mashine. Mimi nasema mwizi haji na viazi vilivyochemshwa. Asubuhi nilitafuta sufuria yangu kila mahali, na sasa nimeiona, imeandikwa kielelezo namba mbili. Tena skrubu ile iliishinda familia nzima. Aliyeifungua leo ni konstebo, kwa mafuta na spana, na Baba alikuwa anamtazama kama mtu anayeng'olewa jino.

Nilimuuliza Baba kwa nini hakuniambia, ningemnunulia mashine mpya. Alisema, "Mkono mmoja nalisha, mmoja nazungusha. Nikasahau kwamba wanadondoka. Miaka yote ile sijawahi kuwaona wakidondoka."

Saa tano hivi mpelelezi alimwagiza konstebo aeleze kielelezo namba moja ni kitu gani na kama kinafanya kazi. Konstebo alishika mpini akauzungusha kwa nguvu. Kipande cha kamba ya kinyunya kilikuwa bado kimekwama mdomoni mwa mashine. Baba aliinuka kwenye benchi bila kuruhusiwa, akafika mezani, akakinga kiganja chake upande wa pili. Alisema, "Taratibu, afande. Hiyo si cherehani." Konstebo akapunguza mwendo. Konokono mmoja akatoka, akatua kwenye kiganja cha Baba, na mistari yake yote ilikuwepo.

Nililia, sikatai. Muuguzi, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani, alisogea akauliza, "Mzee, zamani nani alikuwa anakinga?"

Baba aligusa aproni. Alisema, "Mwenye hii."

Niliyoyaona na ninayoyajua ndiyo hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Mama Pacha

Maoni ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, kwa maneno ya shahidi mwenyewe. Nimemsomea naye amekiri ni sahihi, ila aliomba neno "mshukiwa" lifutwe. Halikufutwa. Mlalamikaji ameondoa lalamiko lake na kuomba kielelezo namba moja kirudishwe kwenye meza ya jikoni kwake, kazi ambayo konstebo ameagizwa kuifanya leo hii. Kielelezo namba mbili amerudishiwa shahidi. Mzee amesalimisha ufunguo wa mlango wa nyuma na ameonywa kwamba kuanzia Jumapili ijayo abishe hodi mlango wa mbele, na asifike kabla ya saa nne, kwa kuwa mwenye nyumba atakuwa anatoka zamu na angependa kunawa mikono kwanza.