Kupumua Tena Chini ya Maji

Kitangari, Jumatatu asubuhi, mwezi wa kumi.

Jua limeshapanda, lakini upepo wa huku juu bado una ubaridi wake, na uani kote kunanukia mabibo. Mapaja yananiuma. Mabega yananiuma. Kwenye paji la uso nina alama ya miwani ya kuzamia, na majirani wanaokuja kunisalimu wanaitazama kwa heshima bila kuuliza.

Nina furaha ya kijinga. Nililala nayo, nimeamka nayo.

Juzi Jumamosi nilishuka baharini nikiwa na mtungi wa hewa mgongoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili.

Niliondoka hapa Kitangari nikiwa binti. Nilikwenda kusoma, kisha ndoa ikanipeleka Norwe, na huko nimezeeka nikifanya kazi maktabani. Kuzamia nilijifunza huko huko, nikiwa nimeshavuka arobaini, katika maji ya kijani yenye baridi ya kuuma meno. Nilipenda kuzamia kama watu wengine wanavyopenda kusali alfajiri: kwa utulivu, na bila kumweleza mtu. Halafu sikio la kushoto likaugua, likafanyiwa upasuaji, na daktari akasema tusubiri. Sikio lilipona upesi. Mimi ndiye niliyeendelea kusubiri. Kila mwaka nilipata sababu, na zote zilikuwa sababu za mtu mzima mwenye busara.

Sasa nina miaka sitini na saba. Kabla sijaja likizo hii nilijiwekea sharti: nitajaribu safari moja, katika bahari ya kwetu yenye joto. Nikiweza, nimerudi. Nikishindwa, vifaa vyangu nitampa mtu mwenye magoti mapya, na jambo hili sitaliongelea tena.

Nasema bahari ya kwetu, ingawa mtoto wa Kitangari hana bahari. Hata mto hana. Tumekulia juu ya mlima ambao mvua ikiuangukia inanywewa na mchanga na kupotea. Maji tuliyafuata bondeni, tukishuka na giza, tukipanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Kwa hiyo nilipomwambia mdogo wangu, Mama Asha, kwamba nakwenda Mikindani kuzamia, alinitazama kama mtu aliyesikia mzozo dukani kwa mwenzake, asijue kama aingilie.

"Sisi tunashuka kwenye maji, tunarudi na ndoo," alisema. "Wewe dada ukishuka, unarudi na nini?"

Jibu bado nalitafuta.

Kwanza nilikwenda Masasi kupimwa sikio, maana wanaopeleka watu kuzamia hawamchukui mtu wa umri wangu bila neno la daktari. Daktari alikuwa kijana wa Kimakua, kwa hiyo ni mtani wangu mimi Mmakonde, na utani hauangalii koti jeupe. Alichungulia sikio kwa muda mrefu.

"Sikio zima kabisa, mama. Mimi naihurumia bahari tu. Mmakonde akiachiwa maji yote yale, si ataanza kuyajaza kwenye madumu?"

"Nitakubakishia kopo moja," nikamwambia, "na wewe uoge japo Ijumaa."

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimetumaini, kidogo sana, kwamba atanikataza.

Mama Asha hakukubali kubaki nyumbani. "Nikae hapa kusubiri simu? Nitakuja niione maiti kwa macho yangu." Akafunga mihogo ya kuchemsha, akabeba na dumu la maji ya mvua kutoka kisima chetu cha uani, kwa sababu, kwa maelezo yake, maji ya pwani hayakati kiu. Dumu lile lilisafiri kwenye mapaja yake kutoka Kitangari mpaka Mikindani kama mtoto mchanga.

Kiongozi wetu alikuwa dada mmoja mtaratibu, Rehema, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alitupa shikamoo, sisi sote wawili, kisha akanieleza bila kunibembeleza. Tutaanza kwenye kina kifupi, juu ya mchanga, ambapo mtu akisimama kichwa kinakaribia hewa. Nikiweza kutulia pale, bila kupanda wala kuzama, tutakwenda ukingoni mwa mwamba. Nisipoweza, tunarudi ufukweni kunywa chai.

"Na hutanikasirikia, mama."

"Sitakukasirikia."

Nilivaa mkanda wa vipande vya risasi vya kunizamisha, koti la kuelea, mtungi. Mikono ilikumbuka kila kifungo. Nikaweka kinywani mpira wa kupumulia, nikajiachia kinyumenyume kutoka kwenye boti, na maji yakanipokea yakiwa na joto la uji uliopoa. Nilitaka kucheka. Nilishuka, nikapiga magoti mchangani, nikamwonyesha Rehema kwa vidole kwamba niko sawa.

Kisha nikapaa.

Sikufanya lolote. Nilipaa tu, kama kibuyu kitupu, mpaka kichwa kikatokea juani. Nikashuka tena, nikapaa tena. Mara ya tatu Rehema alinidaka kifundo cha mguu kama mtu anayedaka kuku wa mgeni, na tukapanda wote.

"Mama, unabana pumzi."

"Sibani."

"Unavuta, halafu unakaa nayo. Mapafu yakijaa yanakupaisha. Na tukienda kirefu ni hatari, unajua."

Najua. Ni sheria ya kwanza, ile wanayokufundisha kabla hujalowana: chini ya maji usibane pumzi kamwe. Ukipanda, hewa uliyoifungia mapafuni inatanuka na inaweza kukupasua. Nimewahi kuwakumbusha wenzangu sheria hiyo. Nilishuka tena nikiwa nimejiapiza, nikahesabu pumzi zangu kama mtoto anayejifunza kusoma, na mwili ukafanya ulivyotaka wenyewe. Ukavuta. Ukanyamaza. Ukapaa.

Nikarudi kwenye boti. Nilikaa na mtungi bado mgongoni, maji yakinitiririka, na Rehema akaanza kumenya muhogo kwa upole uliozidi. Ule ndio upole wa watu walioshaamua. Nilimfahamu, nami nisingemlaumu. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kumchagua wa kumpa vifaa.

Ilikuwa dakika mbaya. Sikujisikia mzee, nilijisikia nimekwisha, na hilo ni jambo jingine.

Mama Asha ndiye aliyesema kwanza. Muda wote ule alikuwa ameinama ukingoni mwa boti akitazama mapovu yetu, maana hakukuwa na kingine cha kutazama.

"Dada, mapovu ya huyu binti yalikuwa yanakuja, yanakuja, yanakuja. Yako yanakuja kidogo, kimya. Nikasema, basi, amekufa. Halafu kidogo tena. Kimya." Akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Nikasema, haa! Huyu anakunywa maji kwa kata ya mama!"

Nilimtazama. Kisha nami nikaanza kucheka, na Rehema akatutazama wote wawili, muhogo mkononi, akisubiri kuelezwa.

Tukamweleza, tukikatizana. Kiangazi, kisima cha uani kilipokaribia sakafu, mama yetu alikuwa na namna yake ya kutunywesha kwa kata, kile kifuu chenye mpini. Funda moja. Funga mdomo. Jiulize kama koo bado linadai. Kama linadai kweli, ndipo la pili. Aliyegugumia alinyang'anywa kata mbele ya wenzake, na aibu yake ilidumu kuliko kiu. Huwezi kuwaeleza watu wa pwani jambo hili vizuri. Wao wanadhani maji ni mahali. Kwetu maji ni zamu.

Na mimi nilikuwa nimebebeshwa mgongoni kitu chenye mwisho. Mwili haukuuliza kama ni maji au ni hewa. Ulijua tu kwamba hakitajazwa tena leo, ukavuta funda moja, ukafunga, ukajiuliza.

Norwe halikunitokea hilo hata mara moja. Nadhani kule nilikuwa mbali na kata. Lakini safari hii nimekaa nyumbani wiki kadhaa, nikioga kwa kopo, nikinawia maji ambayo yanakwenda kumwagiliwa mchicha, na bila kutambua nimerudi kuwa mtoto wa nyumba ile.

"Sikiliza," Mama Asha akasema, na sasa hakuwa akicheka. Alinishika goti. "Hiyo ya mgongoni si ya nyumba nzima. Hakuna anayesubiri baada yako. Ni yako peke yako. Gugumia!"

Nikamwomba Rehema nafasi moja zaidi. Alifikiri. Akatazama jua, akatazama maji, akameza muhogo wake.

"Moja," alisema.

Nilishuka. Nilipiga magoti mchangani, nikafumba macho, nikanywa hewa kama mtoto mbaya. Pumzi ndefu, nikaitoa. Ndefu tena, nikaitoa. Mapovu yalinipita masikioni kwa kishindo cha sufuria inayochemka na sikuyaonea uchungu. Nilipofumbua macho magoti yalikuwa yameachana na mchanga, juu yake kidogo tu, na pale yakabaki. Nilikuwa naning'inia bila kamba. Kambakoche mdogo alitoka kwenye shimo lake, akanipima kwa ndevu zake, akaendelea na shughuli.

Rehema aliniacha hivyo kwa muda mrefu, ili awe na hakika. Kisha akaashiria: twende.

Tulikwenda.

Aliyesimama Newala kwenye Shimo la Mungu anajua nchi inavyokatika ghafla miguuni, na bonde lote la Ruvuma likiwa chini, la buluu, kimya. Utotoni tulishikwa mikono pale. Nilikuwa nikitamani, na nilikuwa nikijionea haya kwa kutamani, kupiga hatua moja mbele. Ukingo wa mwamba baharini ni hivyo hivyo. Sakafu inakwisha. Chini ni buluu inayozidi kuwa buluu. Ila huko unaipiga ile hatua.

Niliipiga. Sikuanguka.

Tulishuka polepole kando ya ukuta, sikio la kushoto likanung'unika, nikasimama, nikalimezea mate, likafunguka kwa mlio mdogo kama wa kifuniko cha kopo. Pono walikuwa wakitafuna mwamba, na unawasikia kabisa wakivunja, kama watu wanaokula bisi kwenye chumba cha pili. Kulikuwa na chewa mmoja mkubwa chini ya jabali, mwenye uso wa karani aliyechoka. Kasa alipita akitujua kabisa, hakubadili mwendo. Niliona rangi ambazo maji ya kijani ya Norwe hayana, na nilizisahau nilipokuwa nikiziona, kwa sababu niliyokuwa nikiisikiliza ni pumzi yangu mwenyewe. Inaingia. Inatoka. Hakuna aliyenizuia.

Nilikuwa nimerudi. Nililijua kabla sijalifikiria.

Tulipopanda, Mama Asha hakuuliza nimerudi na nini. Alinivua miwani kichwani, akaisuuza baharini, akajivika yeye juu ya mtandio wake. Rehema akamfunga kamba kiunoni na kumshikilia kwenye ngazi ya boti. Mdogo wangu, mwenye miaka sitini na mbili, ambaye hajawahi kutia uso kwenye maji yanayozidi beseni, akainama na kanga zake zikatandaa juu ya maji kama ua.

Tulingoja ainuke. Hakuinuka. Alipoinuka ilikuwa ni kuvuta hewa tu, kwa pupa, kisha akarudi. Alifanya hivyo mara nyingi. Mwishowe alitoa kichwa, maji yakimtoka puani, akasema kwa Kimakonde, polepole, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba au ya harusi:

"Wamejaa huko. Wamejaa, na hakuna mwenye haraka."

Tangu tulipofika nyumbani jana jioni, anawasimulia majirani. Yule chewa, ambaye hata hakumwona, leo asubuhi ameshafikia ukubwa wa ng'ombe. Sijamsahihisha.

Mwezi ujao nitakuwa tena Norwe, kwenye baridi na giza la mchana. Najiuliza kama maji yale bado yatanitaka. Nadhani nitakwenda kuyauliza mwenyewe, kabla theluji haijafunga njia.

Lakini kesho, kwanza, nijifunze tena kuchuchumaa kwa mapaja haya.