Usukani wa Pikapu ya Baba

Jumamosi, 1976. Nyumbani kwa mama, milimani juu ya Mwatate. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi.

Naogopa. Wacha niliandike hilo kwanza.

Kesho namteremsha mke wangu Mkawasi hadi hospitali ya Voi. Mkunga amempapasa tumbo, akasema mtoto amelala kimshazari na asizaliwe huku. Gari la kumbeba ni moja tu, pikapu aliyoniachia marehemu baba, nao usukani wake umelegea. Jana nikipanda nilikata kulia, gari likafikiria kwanza ndipo likakubali. Kushoto kwangu lilikuwa korongo.

Leo nimeipiga jeki, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Nililala chini nikishika kiungo kimoja kimoja, huku mama akizungusha usukani kwa bidii ya mtu anayesaga mahindi. Hakuna kilichocheza. Boksi la usukani lenyewe nililishika kwa mkono huu, likatulia tuli.

Mama akashuka, akapangusa mikono.

"Na kaka yako? Moyo wake umepoa?"

Nilijua atafika hapo. Kaka Mwakio ndiye mkubwa, dereva wa lori la mkonge, na tangu pikapu iwe yangu hajakanyaga ua huu. Kwetu hasira ya ndugu haingoji kusemwa. Ikikaa moyoni, hutoka yenyewe ikadhuru. Tiba yake ni kutasa: mwenye hasira hujaza maji mdomoni, akayapuliza nje, hasira ikatoka nayo. Mimi ni mtu wa kanisa. Mama pia, tena hukaa benchi la mbele. Lakini nilikwenda kumwita kaka.

Alikuja. Alipokea kibuyu, akapuliza maji juu ya boneti.

"Kama niko na hasira na huyu, itoke. Wapite salama."

Akapuliza tena. Kisha akaingia ndani ya gari, akashika usukani.

"Toa hiyo jeki. Gari ikining'inia haiwezi kukuonyesha ugonjwa."

Nikalala chini tena, safari hii uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Kaka akakata kushoto, akakata kulia.

Nikaliona. Boksi lilikuwa likiruka pale lilipofungwa kwenye fremu, nati zake zimelegea.

Nilizikaza kwa spana mpaka mkono ukauma. Tuliijaribu hadi kona ya chini, ikatii kama mtoto aliyechapwa. Mama alipiga kigelegele. Mkawasi alicheka, naye hakuwa amecheka wiki nzima, na mimi nilifurahi hadi nikaona haya.

Kabla ya kuondoka, kaka aliomba kibuyu amalizie. Akajaza funda la mwisho, akasimama mbele ya gari. Mama na Mkawasi walikuwa wameinamisha vichwa, kwa hiyo ni mimi tu niliyemwona.

Hakulipuliza.

Alinitazama usoni, na koo lake likapanda, likashuka. Halafu akapangusa midomo iliyokuwa mikavu, akatuaga vizuri tu, akaingia ukunguni.

Nimetoka kuzishika zile nati tena. Zimekaza. Usukani hauchezi hata kidogo, na hilo halinipi amani.

Ndani, Mkawasi anaimba huku akikunja nguo za mtoto. Nikimwambia, atakataa kupanda. Nisipomwambia?